Baba Ameacha Kuzitaja Risasi Zake

(Kutoka safu ya ushauri ya Bi. Ardis. Majina yote katika barua hii tumeyabadilisha.)

Bi. Ardis mpendwa, nimeshika kalamu kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, naomba unisaidie, maana huku mashariki ya Montana klabu yetu ya kulenga shabaha ni ndogo, kila mtu anamjua mwenzake mpaka mbwa wake, na jambo hili nikimnong'oneza yeyote leo, kesho litakuwa limefika kwa baba yangu kabla sijafika mimi.

Baba, Orrin, amekuwa akilenga shabaha ya yadi elfu moja tangu kabla sijazaliwa, na maisha yake yote risasi yake ni moja, tatu-sifuri-nane, ambayo tunaijaza wenyewe kwenye meza iliyo bandani nyuma ya trekta, ganda tumelisafisha, kiwashio kipya, baruti imepimwa kwenye mizani punje kwa punje, halafu kichwa cha risasi kinashindiliwa juu, kama wanavyofanya wote hapa kwetu, kwa sababu risasi za dukani hazilingani na umbali ule haumsamehi mtu. Mwaka jana utando wa nyuma ya jicho lake la kulia, ambalo ndilo la kulengea, ulibanduka, tukakimbilia Billings, wakamfanyia upasuaji, utando ukashika, na daktari akamwambia mbele yangu kwamba bunduki inayomgonga bega na shavu kila siku inaweza kuubandua tena, na safari hiyo huenda wasiweze kuurudisha. Baba akamuuliza, "Kwa hiyo unaniambia niache?" Daktari akamjibu, "Nakuambia utafute bunduki isiyokugonga hivyo." Baba akamshukuru vizuri, akavaa kofia yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani akaongelea mvua.

Mimi si mgeni wa mambo haya, Bi. Ardis, najua dawa ilikuwepo, nayo ni ile risasi ya milimita sita na nusu ambayo karibu klabu nzima imehamia, kichwa chake chembamba na kirefu, upepo haukisogezi sana, kinafika yadi elfu moja kikiwa bado na mbio zake, na begani ni mpole kiasi kwamba hata mimi nalenga nayo siku nzima silalamiki, ila tu mtutu wake unachakaa mapema kuliko wa tatu-sifuri-nane. Nikamwambia Baba tumtafutie moja, tukiwa kwenye jumba la klabu tunakunywa kahawa, na Mjomba Leland, rafiki yake wa miaka yote, akaingilia akasema, "Hamia tu, Orrin. Wewe peke yako umebaki makumbusho."

Baba akasema, "Makumbusho ndiyo yanayokufunga kwenye mashindano ya kila Septemba."

"Unanifunga kwa sababu nakuhurumia jicho."

"Lihurumie lako, linaona alama tisa linasema kumi." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi, hakuwa anacheka tena, akasema, "Binti yangu, mimi upepo nimeufahamu kwa risasi hii. Ukinipa nyingine nitakuwa mtoto wa shule. Nikitaka kubembelezwa begani nitaoa tena."

Basi nikaliacha, na laiti ningeishia hapo. Lakini tangu upasuaji Baba haoni vitu vidogo vya karibu, mbali kupitia darubini anaona vizuri sana ila namba za mizani hazisomi, wala zile zilizoandikwa kwenye kitufe cha darubini anachozungusha kupandisha na kushusha, kwa hiyo kazi ya kujaza ikawa yangu na ya kumsomea kitufe ikawa yangu, na nilipokuwa peke yangu bandani na ule mkebe wa baruti nikafikiri, baruti ikipungua kidogo bunduki itarudi begani kwa upole kidogo, nani atajua, nikapunguza. Nilifuata kitabu cha ujazaji nisishuke chini ya kiwango cha salama, hilo naomba uniamini. Mara ya kwanza nilipunguza kidogo, hakuhisi, wiki nyingine nikapunguza tena, na kwa kuwa risasi yenye mwendo mdogo huanguka mapema nikawa nampandishia kitufe zaidi ya kawaida huku nikimtajia namba zile zile za zamani, naye akawa ananiitikia tu, "Sawa, sawa," kwa sababu ni mimi.

Kwenye yadi mia tatu na mia sita mambo yakaenda vizuri, hata nikajisifu moyoni kwamba nimemlinda baba yangu bila kumgombeza. Elfu moja ndiyo iliyotuumbua. Risasi ile ilikuwa inaishiwa mbio njiani, inashuka chini ya mwendo wa sauti kabla haijafika, na ikishafika hapo huanza kuyumba, inatua inapopenda, nami nilijua na sikusema.

Sasa sikiliza jambo linalonikosesha raha. Unajua sisi tuna desturi kwamba mlengaji akishafyatua anataja mahali risasi yake ilipokwenda, kwa jinsi alivyoiona alama ya darubini wakati wa mshindo, kabla watu wanaokaa handakini chini ya shabaha hawajaishusha na kuipandisha tena ikiwa na kidude cheupe penye tundu, na Baba alikuwa anasifika kwa kutaja kuliko hata kwa kulenga. Akisema kati ni kati, akisema kulia karibu na mstari, ni pale pale, watu walikuwa wanasogea nyuma yake wamsikilize tu. Mwezi wa saba alilala kwenye mkeka wake, mimi nyuma yake naandika alama, akafyatua akasema, "Kati." Shabaha ikapanda, kidude kipo chini kushoto. Akafyatua tena, akasubiri kidogo, akasema, "Hii kati." Ikapanda, kidude juu, kwenye karatasi nyeupe kabisa. Akageuza kichwa akanitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeniona nilivyotikisika?"

Nikamjibu, "Kidogo, Baba."

Tangu siku hiyo hataji tena. Analenga kimya, anafyatua kimya, anangoja kidude kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Na haikuishia uwanjani. Amempa Mjomba Leland funguo za lori lake, anasema macho yake yanamdanganya na hataki kumgonga mtoto wa watu. Akifunga lango la ng'ombe anarudi kulitazama, akifika nyumbani ananiomba nami nikalitazame. Juzi kwenye chakula aliniuliza kama ni kweli mama yangu alizikwa siku ya theluji, au ni yeye anayejitungia, na theluji ile sote tulisimama ndani yake ikitufika magotini.

Mjomba Leland ameanza kuhisi. Wiki iliyopita aliokota ganda moja nyuma ya mkeka wa Baba, akanionyesha tukiwa wawili tu. "Ganda hili lina masizi mpaka kwenye bega lake, binti yangu. Baruti ya kutosha hailichafui ganda hivi. Na sauti ya bunduki yake imekuwa ya chini. Unapima sawasawa?" Nikamwambia ni mkebe mpya, baruti ya safari hii ni dhaifu. Akalitia ganda mfukoni, akasema, "Haya," na mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Sasa Baba amemwambia nahodha wa klabu kwamba mashindano ya Septemba ni ya mwisho kwake, baada ya hapo jina lake litolewe kwenye orodha ya walengaji, atakuwa anashuka handakini kuwavutia wenzake shabaha. Mimi nimewaza mpaka nimechoka. Nikimrudishia baruti kamili kimya kimya atalenga vizuri Septemba aondoke na heshima yake, lakini anaweza kufurahi akaamua kuendelea, na jicho je? Nikiacha kama ilivyo, jicho litapona lakini baba yangu nitakuwa nimempoteza angali hai. Au nimnunulie ile sita na nusu, nimwambie Baba, kosa halikuwa lako, tatu-sifuri-nane ndiyo imezeeka, jaribu hii uone, naye atapiga kati, atataja, atarudi kuwa yeye, na hapatakuwa na haja ya kumwambia mengine. Niambie basi Bi. Ardis, nimchagulie risasi ipi?

Binti wa Mlengaji

*

Binti wa Mlengaji,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona wazi unampenda baba yako, na naona pia kwamba umekonda kwa kuficha. Lakini hapa sikuandikii ili nikupapase mgongo, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeniuliza risasi ipi. Nakujibu, halafu tuliweke kando. Kwa mtu mwenye jicho lililoshonwa, anayetaka kuendelea na yadi elfu moja, sita na nusu ni bora, na sababu umezitaja mwenyewe. Mtutu utachakaa mapema, mtabadilisha mtutu. Ni hivyo tu. Ungeniuliza hilo mwaka jana tungemaliza kwa sentensi hizo tatu, nawe ungeokoa wino.

Lakini hukuandika kwa sababu ya risasi. Nimevuta shabaha handakini miaka mingi kabla magoti hayajanikataa, na nimewasikia wanaume wazima wakilia kule chini, na hakuna hata mmoja aliyelia kwa sababu ya tatu-sifuri-nane. Umeandika kwa sababu unataka nikupatie njia ya kutengeneza ulichoharibu bila kusema kwamba wewe ndiye uliyeharibu. Sinayo. Ile hila yako ya tatu, ya kumpa bunduki mpya na kuisingizia ya zamani, ndiyo unayoipenda zaidi, naona ulivyoipamba. Mchagulie mtu risasi kwa sababu ya upepo, ya bega, ya mtutu. Usimchagulie ili ikufunikie uongo, maana siku Leland atakapolitoa lile ganda mfukoni, na atalitoa, baba yako hataamini tena bunduki mpya, wala wewe, na imani yake kwa jicho lake atakuwa ameshaizika.

Na hiyo ya kumrudishia baruti kamili kimya kimya, nakukataza. Msimu mzima umemzoesha mshindo mwepesi, sasa umrudishie ule ambao daktari alimwonya juu yake, akiwa hajui? Kwanza ulimpunguzia hatari bila kumwambia, sasa unataka kumwongezea hatari bila kumwambia. Mtu anayelaza shavu kwenye kitako cha bunduki ana haki ya kujua kilichomo ndani ya ganda. Hilo umefundishwa na baba yako mwenyewe, sina shaka, siku ya kwanza alipokukalisha kwenye ile meza.

Nitakuambia kilichonikasirisha, nikishakisema nitakuachia. Si baruti. Baruti uliipunguza kwa hofu, na hofu ya mtoto kwa mzazi wake naielewa. Ni lile jibu, "Kidogo, Baba." Alikuuliza swali ambalo hakuwa na mwingine duniani wa kumuuliza, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake, nawe ulijua hakutikisika. Ukamwambia ametikisika. Kuanzia hapo hajui tena lango limefungwa au la, hajui mkewe alizikwa siku gani. Mtu huyo hajazeeka ghafla, wala akili haijamruka. Kila alichokitaja kilikuwa sahihi, na wewe ulikuwa umekaa pale na penseli unajua.

Haya, sasa utafanya hivi, na utafanya wiki hii, usingoje Septemba.

Mpigie Leland simu. Mwambie ukweli wote, kisha mwombe aje nyumbani kwenu asubuhi, baada ya kahawa, wakati baba yako hajachoka. Leland aje kwa sababu mizani baba yako haisomi, na akishajua ukweli hatakuwa na sababu ya kuamini unavyomsomea wewe. Baba yako usimwambie uwanjani mbele ya watu. Usimwambie ndani ya lori ambako hawezi kuondoka. Mwambie bandani, mezani penu, akiwa amesimama karibu na mlango.

Chukua risasi moja katika zile ulizojaza. Ing'oe kichwa, mwaga baruti kwenye sahani ya mizani, Leland asome kwa sauti. Baba yako akisikia namba hiyo ataelewa kabla hujafungua mdomo, maana kipimo chake anakijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Hapo useme, na maneno ya kwanza yasiwe "niliogopa," wala "daktari alisema," wala "nilikuwa nakupenda." Hayo ni ya kwako, yatangoja. Ya kwanza yawe haya: "Baba, hukutikisika. Risasi zako ulizitaja sawa, mimi ndiye niliyepunguza baruti na mimi ndiye niliyekudanganya." Ukishasema hivyo nyamaza.

Atakasirika. Wanaume wa aina yake hawapigi kelele, wanakunja mikono ya shati wanatoka kwenda kutengeneza uzio ambao haujaharibika. Mwache aende. Huenda akakunyang'anya funguo za banda, huenda akamwomba Leland amjazie, na wewe ukawa unasikia mizani ikilia bila wewe kuitwa. Ukubali, usijitetee, upike chakula kama kawaida na umwekee mezani.

Akirudi kuongea, na atarudi, mwachie achague yeye. Anaweza kuichukua sita na nusu, na kwa kuwa upepo sasa atauona akiwa na akili iliyotulia, sidhani kama atakuwa mtoto wa shule zaidi ya wiki mbili. Anaweza kushuka handakini kwa hiari yake, ambayo si aibu, mimi nilikaa huko na nilipapenda. Na anaweza kusema anataka tatu-sifuri-nane yenye baruti kamili, jicho liende liendako. Hapo utaogopa kuliko ulivyowahi kuogopa. Mkumbushe alichosema daktari, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kama mkono wako hauwezi kumjazia risasi hiyo, mwambie usoni, "Baba, hii mimi sitajaza." Una haki hiyo. Ulikuwa nayo tangu siku ile kwenye jumba la klabu, ukaona ni rahisi zaidi kuizunguka. Lakini usijaze nusu tena. Jicho ni lake, na wewe huna ruhusa ya kuliamulia kwa kijiko cha baruti.

Jambo la mwisho, na hili nataka ujiandae nalo, kwa sababu nawajua watu hawa. Baada ya hasira kupoa ataanza kukuuliza. Mlengaji hasahau risasi iliyomdhalilisha, anazibeba zote. Mtakuwa mnalisha ng'ombe atakuuliza, ile ya mkeka wa sita, upepo ulipokuwa wa kulia, niliyosema kati? Mtakuwa mnakula atakuuliza kuhusu ile ya Julai, iliyotua kwenye karatasi nyeupe. Utachoka, utatamani kumwambia yamekwisha, Baba, tusonge mbele. Usimwambie hivyo. Ulimchukulia moja moja, itabidi umrudishie moja moja. Weka chini unachofanya, mtazame machoni, na umjibu kila atakapouliza, hata akirudia ile ile mara kumi: "Hiyo ilikuwa kati, Baba. Uliiona vizuri."

Bi. Ardis